Kutu chini ya pikapu: Gari likivunjika mgongo, nani alipe?

MNUNUZI wa pikapu kuukuu hutazama mengi kabla ya kutoa pesa zake. Hufungua boneti na kuisikiliza injini, huvuta milango, hukagua magurudumu na kupapasa rangi akitafuta alama za ajali. Mahali ambapo wengi hawatazami ni chini kabisa, kwenye fremu, yaani ile mihimili miwili ya chuma iliyolala kutoka mbele hadi nyuma na ambayo hubeba injini, kabini na mizigo yote.

Hapo ndipo kutu hula polepole bila kelele. Na ni kwa sababu ya kutu ya mahali hapo ambapo kampuni ya Toyota ilikubali, mnamo Novemba 2016, mapatano ya hadi dola bilioni 3.4 ili kumaliza kesi iliyokuwa imefikishwa katika mahakama ya shirikisho ya California, Marekani.

Kesi hiyo ilihusu magari takriban milioni 1.5: pikapu aina ya Tacoma za kati ya 2005 na 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za kati ya 2005 na 2008. Walalamishi walidai kuwa fremu hazikupewa kinga ya kutosha dhidi ya kutu, na kwamba zilikuwa zikitoboka kabla ya wakati wake. Toyota haikukiri kosa lolote, lakini ilikubali kuzikagua fremu hizo kwa miaka 12 tangu gari lilipouzwa au kukodishwa kwa mara ya kwanza.

Kipimo kilichowekwa kilikuwa wazi kabisa. Iwapo mkaguzi angepata tundu la kutu lenye upana wa milimita 10 au zaidi, kampuni ingebadilisha fremu nzima bila kumtoza mwenye gari chochote.

Takwimu ya dola bilioni 3.4 ilivuma sana katika vyombo vya habari, na inafaa kueleweka vyema. Hazikuwa pesa taslimu za kugawiwa wenye magari. Yalikuwa makadirio ya gharama ya juu kabisa: takriban dola 15,000 kwa kila fremu itakayobadilishwa na dola 60 kwa kila ukaguzi. Ukiirudisha hesabu hiyo nyuma, utaona ilijengwa juu ya dhana kwamba karibu gari moja kati ya kila saba lingehitaji fremu mpya. Kwa gari lenye sifa ya kudumu kama Toyota, hilo si jambo dogo.

Wala huo haukuwa mwanzo wa masaibu yenyewe. Tacoma ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1995. Kufikia 2008, malalamishi kuhusu fremu zilizooza yalikuwa yamezidi kiasi kwamba kampuni ilitangaza mpango maalumu kwa magari ya kati ya 1995 na 2000, ambayo yalikuwa zaidi ya 800,000. Muda wa dhamana ya fremu dhidi ya kutobolewa na kutu uliongezwa hadi miaka 15, bila kujali gari limesafiri umbali gani. Magari yaliyopatikana yameharibika kupita kiasi yalinunuliwa na kampuni kwa mara moja na nusu ya thamani yake sokoni.

Ni nadra sana kwa mwenye gari lililooza kulipwa zaidi ya thamani yake, na kampuni haitoi pesa kama hizo kwa ukarimu tu.

Mnamo Novemba 2009 zamu ikawa ya Tundra. Magari takriban 110,000 ya kati ya 2000 na 2003 yaliitwa gereji, kwa kuwa kutu ilikuwa imekula chuma kinachoshikilia gurudumu la akiba chini ya sehemu ya nyuma. Gurudumu hilo lingeweza kuanguka barabarani mbele ya gari linalofuata. Baya zaidi, kutu hiyohiyo ingeweza kuharibu mabomba ya breki za nyuma yaliyofungwa kwenye fremu. Miaka mitatu baadaye, mnamo 2012, Tacoma takriban 150,000 za kati ya 2001 na 2004 ziliitwa kwa sababu ya gurudumu la akiba vilevile.

Lawama hazikuishia kwa Toyota. Fremu nyingi za pikapu hizo zilitengenezwa na kampuni ya Dana, mojawapo ya watengenezaji wakongwe wa vipuri vya magari nchini Marekani. Mwaka wa 2011, Dana iliilipa Toyota dola milioni 25 ili kumaliza mzozo kuhusu fremu hizo. Kwa maneno mengine, mlolongo wa uwajibikaji ulifuatwa hatua kwa hatua: kutoka kwa mwenye gari hadi kwa muuzaji, kutoka kwa muuzaji hadi kwa kampuni, na kutoka kwa kampuni hadi kwa aliyechomelea chuma.

Kwa nini Marekani, na kwa nini pikapu? Jibu la kwanza ni chumvi. Katika majimbo ya kaskazini kama vile Michigan, Ohio, New York, Vermont na Maine, barabara hufunikwa na theluji na barafu kila mwaka. Ili magari yasiteleze, mamlaka humwaga chumvi barabarani, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Mamilioni ya tani hutumika kila msimu wa baridi. Tundra zilizoitwa mwaka wa 2009 zilikuwa zile za majimbo 20 ya baridi na jiji kuu la Washington. Gari hilohilo likiishi Arizona, fremu yake huenda ikabaki salama kwa miongo kadhaa.

Chuma huota kutu kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Chumvi ikiyeyuka katika maji hayo huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Chumvi pia huupasua ule utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Ndiyo maana maji ya mvua huchafua gari, ilhali maji ya chumvi hulitafuna.

Jibu la pili liko katika umbo la fremu yenyewe. Magari madogo ya kisasa hayana fremu ya kando, kwani bodi na sakafu hushikana na kuwa kitu kimoja. Pikapu, kwa vile hubeba mizigo mizito, hubakia na fremu ya mtindo wa ngazi: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Katika sehemu nyingi mhimili huo si ubao wa chuma bali ni bomba la mraba, wazi ndani. Matope, mchanga na maji ya chumvi huingia kupitia matundu madogo, yakatuama humo na kukosa njia ya kutokea.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Fremu ya namna hii huoza kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kung'aa ilhali unene wa chuma umebaki nusu. Siku tundu linapoonekana, kazi ya kutu huwa karibu imekamilika.

Hata hivyo, si kila kutu humpatia mwenye gari fidia, na hapa ndipo kisa cha Marekani kinapokuwa na funzo kubwa kuliko takwimu za mabilioni. Katika miaka hiyohiyo, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa magari, NHTSA, lilikuwa likichunguza pikapu na magari makubwa ya General Motors ya kati ya 1999 na 2003, yakiwemo Chevrolet Silverado. Mabomba ya breki ya magari hayo yalikuwa yakipasuka kwa sababu ya kutu. Magari yaliyohusika yalikuwa karibu milioni tano.

Uchunguzi huo ulifungwa Aprili 2015 bila gari hata moja kuitwa. NHTSA iliamua kwamba kutu hiyo ilikuwa uchakavu wa kawaida wa magari yaliyozeeka katika maeneo ya chumvi, wala si kasoro ya kiwandani. Wenye magari walishauriwa kuosha sehemu ya chini ya magari yao, kuyakagua mara kwa mara na kubadilisha mabomba kwa gharama yao wenyewe.

Chumvi ilikuwa ileile, na barabara zilezile. Tofauti ilikuwa katika jina lililopewa kutu: kwa fremu za Toyota iliitwa kasoro, na kwa breki za General Motors ikaitwa uzee. Jina hilo ndilo huamua bili inakwenda kwa nani. Mtu anaweza kuuliza kwa haki ni kipi hatari zaidi kwa dereva aliye katika mteremko, fremu yenye tundu la milimita 10 au bomba la breki lililopasuka, lakini si hilo lililoamua.

Ulaya nayo imekuwa na kisa chake. Nchini Uingereza, baadhi ya pikapu aina ya Nissan Navara za kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2005 zilikatika fremu nyuma ya kabini, gari likajikunja katikati kama daftari. Nissan ilianzisha mpango wa kuzikagua. Baadhi ziliongezewa vyuma vya kuziimarisha, na nyingine zikanunuliwa na kampuni kutoka kwa wenyewe.

Kinachoshangaza ni kuwa Uingereza ina ukaguzi mkali wa kila mwaka kwa magari yaliyopita umri wa miaka mitatu. Mkaguzi hutakiwa kukataa gari lenye kutu kubwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikilia breki, usukani, springi au mikanda ya usalama. Kiraka kinachowekwa hapo lazima kichomelewe mfululizo pande zote, kisiwe cha gundi wala cha kubanwa kwa skrubu. Hata hivyo, mkaguzi hutazama nje. Fremu inayooza kwa ndani inaweza kumpita.

Msomaji wa Kenya anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya nchi za theluji. Ni kweli kwamba Tacoma na Tundra hazionekani katika barabara zetu, kwa kuwa hutengenezwa zikiwa na usukani upande wa kushoto. Lakini mengi ya magari ya mitumba yanayoteremshwa katika bandari ya Mombasa hutoka Japani, na mengine hutoka Uingereza. Nchi hizo mbili huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na zote mbili humwaga chumvi barabarani.

Japani yenyewe ni nchi mbili kwa habari ya kutu. Kusini na kando ya Bahari ya Pasifiki, theluji ni kidogo. Kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido, eneo la Tohoku na pwani ya magharibi kama Niigata, theluji hurundikana kwa mita. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari. Sheria ya mwaka wa 1990 iliyapiga marufuku, kwa kuwa yalikwangua lami na kuijaza miji vumbi. Barabara zikawa laini na telezi zaidi, na matumizi ya chumvi yakapanda.

Kwa hivyo magari mawili ya mwaka mmoja, yenye kilomita sawa na rangi moja, yanaweza kufika Mombasa yakiwa na umri tofauti kabisa upande wa chini. Lililoishi Osaka huwa bado changa. Lililoishi Sapporo huwa limezeeka.

Na uzee huo hauishii melini. Chumvi iliyojificha ndani ya bomba la fremu hunyonya unyevu kutoka hewani. Katika baridi ya Hokkaido, kutu hutembea pole, maana baridi hupunguza kasi ya kemia. Gari likiletwa Mombasa, ambako kuna joto na unyevunyevu mwaka mzima, chumvi ileile huanza kufanya kazi kwa kasi mpya, bila hata tone la maji ya bahari ya Kenya kuongezwa.

Juu ya hiyo, Pwani ina chumvi yake. Upepo wa bahari huibeba hadi mitaani. Pikapu zinazosomba samaki kutoka Shimoni na Vanga huvujiwa na maji ya barafu yaliyochanganyika na maji ya bahari, na maji hayo hushuka moja kwa moja kwenye fremu. Kule Gongoni na Marereni katika Kaunti ya Kilifi, kuna magari ambayo mzigo wake wa kila siku ni chumvi yenyewe kutoka mashambani inakovunwa.

Sheria yetu inakabiliana vipi na hali hii? Kiwango cha KS 1515:2000, ambacho husimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), hukataza gari la mtumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Magari kutoka mataifa yenye vituo vya ukaguzi vilivyoidhinishwa hukaguliwa kabla ya kupakiwa. Magari ya biashara, pikapu nyingi zikiwemo, hukaguliwa tena kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA).

Miaka minane ni kipimo cha muda. Ni rahisi kukihesabu bandarini, na ni rahisi kukitetea mahakamani. Lakini hakisemi gari liliishi wapi, na kwa fremu ya pikapu, mahali huweza kuwa na uzito kuliko miaka. Pikapu ya miaka minne iliyokulia kwenye chumvi inaweza kuwa hatari kuliko ya miaka kumi kutoka nchi kavu, lakini ya kwanza hupokelewa na ya pili hurudishwa.

Jambo la kusikitisha ni kuwa habari za mahali zipo, na mara nyingi zimo katika karatasi ambazo mnunuzi wa Kenya haonyeshwi. Nambari ya usajili ya Japani hubeba jina la eneo lilikosajiliwa gari, nayo huandikwa katika cheti cha kulisafirisha nje. Karatasi ya mnada huwa na mchoro wa gari wenye alama za kasoro: herufi S huashiria kutu, na C huashiria kuwa chuma kimeanza kuliwa. Tarakimu inayofuata hueleza ukubwa wa tatizo. Mnunuzi anayeidai karatasi hiyo, akahakikisha ni halisi, hujua mengi kuliko anayeridhika na mng'ao wa rangi.

Kuhusu fidia, Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inaruhusu mtumiaji kufungua kesi kwa niaba ya wenzake waliopata hasara sawa. Kwa hivyo mlango uliotumiwa na wenye Tacoma upo pia Kenya, angalau kwa maandishi. Tatizo ni mlolongo. Gari la mtumba limepita mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, mnada, wakala wa kuuza nje, muagizaji na muuzaji wa yadi. Kila mmoja aliliuza jinsi lilivyo. Wenye Tacoma walimshika mtengenezaji kwa kuwa ndiye aliyewauzia na kuwapa dhamana. Mkulima wa Kinangop aliyenunua pikapu ya mkono wa tatu ili kusafirishia kabeji hana wa kumshika.

Anachofanya ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mafundi wetu wa jua kali wana ustadi usiopingika, na wengi wamewarudishia watu riziki kwa gharama nafuu. Lakini kiraka cha bati nene kilichochomelewa juu ya chuma kilichooza hushika pembe zake tu, kama kifungo kilichoshonwa kwenye nguo mbovu. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani, na kati ya kiraka na chuma cha zamani hubaki ufa mwembamba ambamo maji hutulia. Kutu mpya huanzia hapohapo. Fremu ya ngazi pia huhitaji kunyumbuka kidogo gari linapopita mashimo, na mahali palipofanywa pagumu kupita kiasi hupasuka pembeni.

Kinga huwa nafuu kuliko kiraka, ila huhitaji ukaidi wa kuirudia. Kwanza ni maji matamu: kuosha upande wa chini na kupitisha maji ndani ya mihimili hadi yatoke safi, na kuhakikisha matundu ya kutolea maji hayajazibwa na matope. Gari likikauka, ndani hupuliziwa nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu, ambayo hupenya kwenye mishono. Hupuliziwa tena kila mwaka, kwa kuwa huoshwa na matope na mvua.

Lami au mpira unaopakwa chini ya gari ni kinga nzuri juu ya chuma kisafi. Ukipakwa juu ya kutu, huifunika na kuifungia unyevu, na mwenye gari hupumbazwa na weusi wake. Hilo likumbukwe na kila mnunuzi: fremu nyeusi iliyopakwa wiki iliyopita ni sababu ya kuuliza maswali, si ya kufurahi. Nyundo ndogo husema ukweli kuliko macho. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mfu.

Ipo pia desturi ya kupaka mafuta machafu ya injini. Husaidia kiasi, kwa kuwa maji hayapendi mafuta. Lakini mafuta hayo yana uchafu wenye asidi na chembe zinazodhuru afya, huharibu mipira ya springi na breki, na hudondoka ardhini na kuingia kwenye maji ya kunywa.

Huko Marekani, mapatano ya 2016 yalikuwa na kikomo. Tacoma za mwisho zilizohusika, za mwaka wa 2010, zilikuwa zimetimiza miaka yao 12 kufikia 2023 hivi. Nyingi zingali barabarani, na zinauzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Tundu la milimita 10 likitokea leo kwenye mojawapo ya hizo, mwenyewe atamtafuta fundi wa kuchomelea, sawa na yule wa Kinangop.